Betri ya stata haina kazi ya kulea friji

Saa kumi na mbili asubuhi, kambi ya Nyani, Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Magari ya watalii yanaondoka moja baada ya jingine kuwahi simba kabla jua halijakolea. Nageuza ufunguo wa Land Cruiser yetu, yenye kitanda juu na friji nyuma. Stata inalia "tik", kisha kimya. Nageuza tena: "tik". Betri ile ilikuwa na miezi minne tu tangu niinunue.

Dereva wa gari la jirani alitubusti kwa waya zake, tukatoka kwa geti la Ikoma hadi Mugumu bila kuzima injini hata mara moja. Njia nzima niliwaza ingekuwaje kama jambo hilo lingetukuta Kogatende jioni, kando ya Mto Mara. Hifadhini hushuki ukasukuma gari popote upendapo, na giza likiingia hutakiwi kuwa njiani.

Fundi umeme wa Mugumu hakuanza kwa kuniuzia chochote. Alizima gari, akasubiri kidogo, akagusisha mita kwenye vichwa vya betri: volti 11.8. Akatikisa kichwa.

"Bosi, jana usiku friji ililala ikiwaka?"

"Ililala ikiwaka, fundi."

"Na ilikuwa inakula betri hii hii ya injini?"

"Hii hii."

"Basi betri umeiua mwenyewe, kaka. Aliyekuuzia naye alikupa iliyokwisha kuzeeka." Akanionyesha tarehe ya kiwandani iliyogongwa pembeni: ilikaa dukani zaidi ya mwaka kabla sijaifikia.

Alichonieleza pale chini ya mti kinamfaa kila mwenye gari la safari, awe ametoka Arusha au ameingia kwa Sirari na kupita Tarime na Nyamongo. Betri ya kuwashia injini ina sahani nyingi nyembamba za risasi, ili itoe moto mwingi kwa sekunde chache. Ikishawasha, alteneta huirudishia. Betri ya sola ina sahani nene, zinazovumilia kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Ukiilazimisha ya kwanza ifanye kazi ya pili, sahani hushika ukoko mweupe wa salfeti, na kila ikilala bila chaji ukoko huo huzidi kuwa mgumu.

Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya ampea-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 35 za kutumia. Friji ikivuta ampea 4 mfululizo, zimekwisha kabla saa tisa hazijatimia tangu uzime injini. Friji hupumzika mara kwa mara, ni kweli, lakini weka na taa, chaja za simu na za kamera, alfajiri itakukuta mikono mitupu.

Kwa hiyo unapobadilisha betri ya injini, soma kwanza namba za ile ya zamani. Gari letu linatumia N70. Ukiona maandishi kama 95D31R, 31 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukikosea herufi hiyo, waya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta kwa nguvu. Usishushe ukubwa ili upate nafuu ya bei: injini ya dizeli ina plagi za kupasha moto na stata nzito, na asubuhi za baridi za Tarime hazina huruma.

Kisha mwambie muuzaji apime mbele yako. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 iko nusu, iache dukani. Funga mpya, washa gari, pima tena: kati ya 13.8 na 14.4, alteneta inachaji vizuri. Ikiwa chini ya hapo, tengeneza alteneta kwanza, la sivyo utaua na hii mpya.

Cha mwisho ni mkanda wa chuma unaoishikilia betri. Barabara za vumbi zenye mawimbi hutikisa sahani mpaka unga wake udondoke chini. Fundi wangu aliukaza mkanda ule kwa spana, akaitikisa betri kwa mikono miwili, akakaza tena.

Friji tuliipa betri yake ya sola nyuma, na katikati tukaweka rilei inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Ile ya zamani fundi hakuitupa, wala hakumwaga asidi yake mtaroni. Aliiweka wima kwenye beseni, mbali na mahali wanapochezea watoto, imsubiri mnunuzi wa betri chakavu, kwa sababu risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Usiku ule tulilala Fort Ikoma, friji ikinguruma. Saa kumi na mbili niligeuza ufunguo mara moja tu.