Je, Wajua? Tairi Pana kwenye Gari Lililoshushwa

Je, wajua kwamba tairi pana likianza kukwaruza fenda, mara nyingi upana wenyewe hauna hatia? Mkosaji ni namba ndogo iliyogongwa kwenye rimu, kwa kawaida upande wa ndani ambako wanunuzi wengi hawachungulii: ET. Hizo ni milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu. ET ikiwa kubwa, gurudumu huzama ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, hutoka nje kuelekea fenda.

Tuchukue Toyota Altezza, gari lililouzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005 na ambalo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hawawezi kuliona bila kutaka kulishusha. Lenye magurudumu ya inchi 17 huvaa tairi la 215/45 R17 juu ya rimu ya 7J, yaani ya upana wa inchi 7, yenye ET50. Mwenye gari anataka rimu ya upana wa inchi 8. Akichukua yenye ET50 ileile, inchi ya ziada inagawanywa katikati: milimita 12.7 ndani, milimita 12.7 nje. Akichukua 8J yenye ET35, ukingo wa ndani unajitenga na shokapu kwa milimita 2.3 zaidi ya mwanzo, ilhali ule wa nje unachomoza milimita 27.7. Upana ni uleule na gari ni lilelile, lakini rimu moja huenda ikaingia vizuri na nyingine ikala fenda kwenye tuta la kwanza. Muuzaji akikuambia "hii ya inchi nane inaingia tu, kaka," muulize ET ni ngapi. Akibabaika, ondoka.

Je, wajua kwamba ile 45 kwenye ubavu wa tairi si milimita? Ni asilimia ya upana. Ndiyo maana anayehama kutoka 215/45 kwenda 235/45 hapati upana tu, bali kimo pia: kipenyo cha gurudumu kinaongezeka milimita 18. Gari ulishalishusha ili nafasi iliyo juu ya tairi ipungue, sasa tairi nalo linapanda kulifuata. Ukipanua, shusha asilimia. 235/40 R17 ina kipenyo kidogo kuliko cha kiwandani kwa milimita 5.5.

Kimo kikibadilika, spidomita nayo huanza kusema lake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita hairuhusu ionyeshe mwendo mdogo kuliko ule halisi, ila inaruhusiwa kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 100 kwa saa, sindano inaweza kusoma hadi 114 na bado ikawa halali. Tairi lenye kipenyo kikubwa linakula akiba hiyo.

Huo mchanganyiko wa vipimo kwenye tairi moja, upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia na rimu kwa inchi, Michelin walijaribu kuumaliza. Katika miaka ya 1970 walileta mfumo wa TRX, ambao rimu zake zilipimwa kwa milimita. Ya milimita 390 ilivaliwa hata na baadhi ya Ford Mustang na BMW. Haukushika. Anayemiliki gari la zamani lenye rimu hizo leo anahangaika kupata matairi, kwani tairi la inchi 15 au 16 haliwezi kukaa juu yake.

Na tairi la 225 si lazima liwe na milimita 225. Upana huo hupimwa likiwa kwenye rimu ya kipimo maalumu; likivalishwa rimu iliyo pana zaidi kwa nusu inchi, tairi hutanuka kama milimita 5. Ongeza tofauti za viwanda, kwa kuwa wapo wanaotengeneza bega la tairi la mraba na wapo wanaoliviringisha. Kwenye gari lililobakiwa na nafasi ya kidole kimoja, bega la mraba ndilo linalogusa kwanza.

Sasa tufike chini ya gari, maana huko ndiko kesi nyingi za kukwaruza zinakoamuliwa. Altezza ina mikono miwili kila gurudumu, mmoja juu na mmoja chini. Gurudumu likipanda kwenye shimo au tuta, mpangilio huo huvuta kichwa cha tairi kuelekea ndani, kwa hiyo tairi linaingia chini ya fenda badala ya kuigonga. Subaru Impreza ya miaka ya 2000 ina mfumo mwingine: shokapu yenyewe ndiyo mkono wa juu. Ni ubunifu wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, uliopata umaarufu kwa Ford Consul iliyoonyeshwa London mwaka 1950. Ni rahisi kutengeneza na haukamati nafasi, lakini una adhabu mbili kwa mpenda matairi mapana. Kwanza, shokapu imesimama sentimita chache tu kutoka kwenye tairi, hivyo rimu yenye ET kubwa huigonga kwa ndani. Pili, gari likishushwa mno hadi ncha ya nje ya mkono wa chini ikae juu kuliko ya ndani, gurudumu linapopanda huacha kuinama ndani na baadaye huanza kusimama wima. Yaani Subaru iliyoshushwa kupita kiasi inapoteza msaada huo palepale inapouhitaji. Kwa maoni yangu, mtu wa Impreza anayepita kwenye mashimo ya mvua za masika ashushe sentimita tatu aridhike.

Je, wajua kwamba springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, si laini? Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ikiwa ni 6 na fundi akakata 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Hiyo si sababu ya kumpa fundi grinda: springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake gari likiinuliwa. Kuichoma kwa gesi ili ilale ni vibaya zaidi, maana chuma kilichopoteza ugumu wake huendelea kuzama.

Wengi hupima nafasi gari likiwa limesimama, tupu, kwenye sakafu iliyonyooka. Kipimo hicho kinadanganya. Mafundi wa magari ya mashindano hutoa springi, wakarudisha shokapu peke yake pamoja na raba yake ya kuzuia, gari likiwa juu ya stendi imara. Kisha wanafunga gurudumu na kuliinua kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, huku wakikata usukani kushoto na kulia. Panapogusa huonekana bila kubahatisha.

Mara nyingi panapogusa ni ule ukingo mwembamba uliokunjwa ndani ya fenda. Unaweza kulazwa kwa mashine yenye rola, rangi ikiwa imepashwa moto kwanza ili isipasuke. Usikubali ukingo wa fenda za nyuma ukatwe: pale ndipo mabati mawili ya bodi yameunganishwa, na maji yakipata njia, kutu itafuata.

Huko Japani kwenyewe sheria inadai gari libaki sentimita 9 juu ya ardhi, na tangu 2017 inaruhusu mpira wa tairi, si rimu, utokeze nje ya fenda kwa chini ya milimita 10.

Kwa anayepanga kutoa gurudumu nje kwa kuweka spesa: nati inapaswa kushika uzi wa stadi kwa kina kisichopungua unene wa stadi yenyewe. Stadi ya milimita 12 inataka angalau milimita 12 za uzi. Ikishika pungufu ya hapo, badilisha stadi uweke ndefu, au irudishe spesa hiyo dukani.