Namibia: Nchi ya Jua na Maji Yanayorudi Bombani

Ukikaa kijiweni Tunduma karibu na maegesho ya malori, siku hizi utawasikia vijana wakizungumzia Namibia kuliko Lusaka. Nchi ya jua, wanasema, watu wachache, barabara nzuri, hela yake inakwenda sawa na randi. Ukungu wa Juni unapofunika Mbozi na watu hawavui makoti hadi saa tano asubuhi, habari za jua hazikosi wasikilizaji. Nimefika huko na kurudi, na kwa kuwa naulizwa kila kukicha, naandika kwa faida ya wanaofunga mizigo.

Tuanze na takwimu. Namibia ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 824,000, pungufu kidogo ya Tanzania. Sensa ya 2023 ilihesabu watu 3,022,401. Mkoa wetu wa Songwe peke yake, uliozaliwa 2016, ulikuwa na zaidi ya watu milioni 1.3 katika sensa ya 2022. Walitawaliwa na Wajerumani kama sisi, kisha Afrika Kusini, wakapata uhuru 21 Machi 1990. Rais wao wa kwanza, Sam Nujoma, aliishi uhamishoni Dar es Salaam, na wapiganaji wa SWAPO, chama chake cha ukombozi, walikuwa na kambi hapa kwetu Kongwa. Rais wa sasa ni Netumbo Nandi-Ndaitwah, aliyeapishwa 21 Machi 2025. Wana almasi, urani, samaki na ng'ombe. Mengine yamo vitabuni.

Njia ya barabara ni Nakonde, ambako saa inarudi nyuma saa moja, kisha Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka na Livingstone. Sesheke unavuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa 2004, ukiingia Katima Mulilo. Baada ya Rundu kuna geti la kuzuia magonjwa ya mifugo. Nyama mbichi uliyobeba safari yake inaishia hapo. Karibu na Grootfontein kipo kimondo cha Hoba, tani 60 hivi, kizito kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Sisi wenye Kimondo cha Mbozi tupunguze majigambo.

Jua lipo, tena la kutosha. Lakini jua si joto: Windhoek, mji mkuu, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hukaribia nyuzi sifuri. Na nchi ya jua maana yake ni nchi isiyo na mvua. Windhoek hupata milimita 360 hivi kwa mwaka, ilhali nyanda za Mbozi hupata zaidi ya 1,000. Mito inayotiririka mwaka mzima, kama Kunene, Okavango na Orange, iko mipakani. Wa karibu zaidi na mji mkuu ni Okavango, kilomita zipatazo 700. Mabwawa wanayo, ila jua huanza kuyanywa kabla ya watu.

Basi wakafanya nini? Hapo ndipo nilipokwama, na tangu nirudi nimewachosha watu kwa hadithi hii moja. Mwaka 1968 Windhoek ulianza kusafisha maji taka na kuyarudisha moja kwa moja bombani yawe ya kunywa. Ndio mji wa kwanza duniani. Najua umekunja uso.

Maji ya chooni, bafuni na jikoni huenda kwanza kwenye mtambo wa Gammams, ambako vijidudu hulishwa hewa ili vile uchafu. Kisha yanaingia mtambo wa Goreangab. Huko yanatiwa dawa ya kugandisha uchafu, halafu viputo vidogo vya hewa vinaachiwa kutoka chini. Takataka zinapanda juu kama povu la maharage yanayochemka, zinaenguliwa. Yakitoka hapo yanapita kwenye mchanga, gesi ya ozoni, mkaa, utando wenye matundu madogo kuliko bakteria, na mwisho klorini. Kizuizi kimoja kikiteleza, kingine kinadaka. Maji ya viwandani hayaruhusiwi kuchanganyika na hayo: yana mabomba yake na mtambo wake. Kwangu mimi huo ndio werevu wenyewe, kutenganisha uchafu kabla hujaanza kuusafisha. Mtambo mpya wa Goreangab, wa 2002, una uwezo wa lita milioni 21 kwa siku, na maji yake huchanganywa na ya mabwawa na visima. Mwaka wa neema, ziada wanaishindilia ardhini kwenye miamba, jua lisiifikie.

Nyumba niliyofikia, mama mwenye nyumba alisuuza jagi, akalijaza bombani, akaliweka mezani kando ya ugali wa uwele. Hakuchemsha. Niliinua glasi dirishani, nikainusa: klorini kwa mbali, basi. Nilipomuuliza kama hajali yanakotoka, alinishangaa. Ameyanywa tangu utotoni.

Sasa sisi. Masika Tunduma maji yanafurika barabarani hadi viatu vinazama, na wiki hiyohiyo akina mama wanapanga madumu ya njano wakimsubiri mwenye toroli. Mabati yetu yanameta mlima mzima, lakini hesabu nyumba zenye mifereji na simtanki la kukinga mvua. Tunajenga gesti za ghorofa mpakani, tukichimba shimo la choo na kisima kwenye kiwanja kimoja. Halafu tunasema shida ni ukame!

Nisimpambe mkoloni: mtambo ule wa kwanza wa 1968 ulijengwa chini ya makaburu, serikali ileile iliyowahamisha Waafrika kwa nguvu kwenda kitongoji cha Katutura baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji 10 Desemba 1959. Hata leo, kwenye vibanda vya mabati vya Havana, pembezoni mwa Windhoek, watu hawana bomba la ndani. Wanakwenda kwenye bomba la jumuiya na kidude cha plastiki chenye salio, wanakibandika, maji yanatoka. Salio likiisha, yanakata. Foleni ya madumu niliiona na huko.

Mengine kwa kifupi. Elimu: shule za serikali hazitozi ada, msingi tangu 2013, sekondari tangu 2016. Dini: wengi ni Wakristo, hasa Walutheri. Chakula ni nyama, nyama tena.

Kwa wanaotaka kuhama kabisa: kwa ziara fupi Mtanzania haombi viza, lakini ziara si kazi. Zaidi ya theluthi moja ya nguvukazi yao wenyewe haina ajira, na kibali cha kazi hutolewa mwajiri akionyesha kuwa amekosa Mnamibia mwenye ujuzi huo. Udereva na uchuuzi wanao watu wao. Anayetaka jua aanze na cheti.