Faili la Dada Yetu

Mwezi wa Agosti mwaka jana palikuwa na arusi nyumbani kwetu Mombasa. Aliyeoa ni kitinda mimba wetu, na aliyekosekana ni dada yetu mkubwa, anayesomesha katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Maneno yalisemwa. Ami yetu, ambaye hana desturi ya kuficha la moyoni, alituuliza mbele ya wageni iwapo huko aliko watu hawapewi ruhusa. Ruhusa ilikuwapo. Lakini wiki zile zile ndizo alizotakiwa kukamilisha faili lake, na ndani ya faili hilo mlikuwa na miaka sita ya umri wake.

Twayaandika haya kwa kuwa zipo nyumba nyingine za pwani zenye mtoto kama huyo, na kwa kuwa sisi wenyewe tulichelewa kuelewa.

Mwalimu mpya wa chuo kikuu cha Marekani huanza kama profesa msaidizi, naye huwa katika majaribio. Tangazo la mwaka 1940, ambalo vyuo vingi hulifuata, lasema majaribio hayo yasizidi miaka 7. Basi aghalabu hukumu hutolewa katika mwaka wa sita. Akipita, hupata ajira ya kudumu na hawezi kufukuzwa pasipo sababu ya haki. Asipopita, kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa kufungasha virago, na kwa mgeni ambaye kibali chake cha kukaa kimefungamana na kazi, hata nyumba huingia mashakani.

Ulinzi huo haukutoka hewani. Mwaka 1900 mwanauchumi Edward Ross alilazimika kuondoka chuo cha Stanford kwa sababu mjane wa mwanzilishi, Jane Stanford, hakupendezwa na aliyoyasema hadharani. Mwaka 1915 maprofesa waliunda chama chao, John Dewey akiwa rais wa kwanza, ili msomi aweze kusema alilolichunguza bila kuhofia riziki yake.

Faili lenyewe hukusanya utafiti, ufundishaji na huduma kwa chuo, ila mizani ya vitatu hivyo si sawa, na hapo ndipo dada yetu alipoteleza. Kila palipohitajika Mwafrika, au Mwislamu, au mwanamke, aliitwa yeye, na mara nyingi aliitwa mara moja kwa yote matatu. Akakaa katika kamati saba. Tathmini ya mwaka wa tatu ikamwambia waziwazi kwamba kamati hazitamwokoa: kitabu ki wapi?

Kitabu kilikuwa njiani, lakini kwa mwendo wa kazi yenyewe. Dada huchunguza tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nakala moja huenda ikawa London, katika hazina ya SOAS, na nyingine sandukuni kwa mtu Lamu. Kuzilinganisha beti kwa beti hula miaka. Mwanakamati wa fani ya kemia, aliyezoea makala kadhaa kwa mwaka, atayajuaje hayo? Ndiyo maana maelezo binafsi ya mwombaji yana uzito mkubwa. Usiku mmoja alimsomea mama yake kwa simu, akifasiri sentensi moja moja. Mama, ambaye Kiingereza hakijui, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, “Mwanangu, tabu yako umeieleza. Kazi yenyewe ni ya nini, hujasema.” Ukurasa wa kwanza ukaandikwa upya wote.

Barua za wasomi wa nje ni mtihani mwingine. Chuo huomba barua kadhaa, mara nyingi tano au zaidi, kwa wataalamu wasiokuwa walimu wake wala washirika wake wa kuandika, na yeye kwa kawaida hazioni. Katika fani ya Kiswahili, wasomi ni wachache na wote wajuana. Anayengoja mwaka wa tano ndipo ahudhurie makongamano na kujulikana kwa kazi yake, amekwisha kuchelewa.

Mwaka wa nne alijifungua. Vyuo vingi humpa mzazi nyongeza ya mwaka mmoja katika hesabu ya majaribio, na chake ni miongoni mwao. Hakuuchukua, akichelea kuonekana dhaifu. Sisi twaona alikosea, nasi tumemwambia. Haki iliyoandikwa haina haja ya kuonewa haya, na mwaka ule angepumzika pamoja na mtoto wake.

Faili lilikabidhiwa mwanzoni mwa Septemba. Idara imepiga kura, kamati ya kitivo imesoma, mkuu wa kitivo ameandika barua yake. Sasa limo mikononi mwa mkuu wa taaluma, na mwisho ni baraza la wadhamini, huenda ikawa Mei. Mama amepewa picha za jalada la kitabu, kilichotoka Julai, na huzionyesha kwa wageni kabla ya zile za arusi. Ami naye hutungoja nje ya msikiti kila Ijumaa kutuuliza faili limefika meza ya nani. Juma lililopita alitaka kujua kama barua zile zilikuwa tano au sita.