Msala wa Sungura Mchanga

Katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, na katika maboma ya wakulima wadogo wa Bomet, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na baridi ya jioni huwalazimu watu kufunga madirisha mapema, sungura anayefugwa na watoto kwa mapenzi tu aghalabu huingizwa ndani. Na hapo ndipo malalamiko yaanzapo, kwani mkojo wake ukikaa chumbani pasipo hewa hutoa amonia, ambayo huchoma pua za wenyeji na kuzidhuru njia za pumzi za mnyama mwenyewe. Wengi hukata shauri kwamba sungura hafundishiki, wakamrudisha bandani. Hukumu hiyo si ya haki.

Sungura huyu, ambaye wataalamu humwita Oryctolagus cuniculus, asili yake ni Hispania na Ureno, wala si yule mjanja wa hadithi zetu, ambaye kwa hakika ni mnyama wa nyikani, alalaye juu ya ardhi na kuzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyokwisha kufumbuka. Huyu wa Hispania huishi kwa jamaa katika mashimo yenye njia nyingi, huzaa watoto uchi na vipofu, na ana ada ya kutenga mahali maalumu pa kwendea haja, ambapo vinyesi hupakwa harufu ya tezi zilizo karibu na mkundu, ikawa kama hati ya kumwarifu mgeni kwamba ardhi hiyo ina wenyewe. Basi anayemleta nyumbani sungura wa majuma manane hana jambo jipya la kumfundisha. Wajibu wake ni kuitambua silika iliyopo na kuifuata.

Mwanzoni apewe nafasi ndogo, sehemu ya chumba iliyozungushiwa wavu, naye atajichagulia pembe. Msala uwekwe papo hapo, si pale apendapo mwenye nyumba. Mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, wa lita 20, uliolazwa na kukatwa ubavu wa juu, kingo zake zikapitishwa motoni zisimkate, hufaa kabisa. Ndani yatandikwe magazeti, juu yake nyasi kavu, pamoja na vinyesi vyake vichache na kipande cha karatasi kilicholowa mkojo wake. Maranda mabichi ya paini, yapatikanayo kwa urahisi penye mashine za mbao, yaepukwe, maana utomvu wake wenye harufu kali humdhuru. Kisha nyasi za kula, Boma Rhodes ikipatikana, ziwekwe upande mmoja wa chombo hicho hicho, kwani sungura hupenda kutafuna huku akijisaidia, na hila hii pekee hushinda nyingine zote.

Ukimwona anarudi kinyumenyume penye pembe nyingine, akiinua mkia na kutulia ghafla, msukume taratibu kwa kiganja hadi chomboni. Kumpiga au kumkemea hakufai kitu: yeye ni windo kwa maumbile, na hofu humfundisha kukukimbia wewe, si kuliacha zulia. Palipolowa pafutwe kwa siki iliyochanganywa na maji, harufu isimwite tena. Wala mtu asishtuke alfajiri akimwona anakula kitu kilichotoka mkunduni mwake. Hicho ni kinyesi laini kilichochachuka katika kifuko cha utumbo, chenye vitamini na protini, na akizuiwa hudhoofika.

Afikapo umri wa miezi minne hadi sita, balehe huharibu mengi yaliyokwisha kutengenea, hasa kwa dume, ambaye huanza kurusha mkojo ukutani ili kujitangaza. Hapo subira haitoshi. Dawa ni kumhasi, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kamwe si ya jirani mwenye kisu.

Kitokacho chomboni nacho kisitupwe. Vinyesi vya sungura havichomi mizizi kama samadi mbichi ya kuku, hivyo huweza kumwagwa penye mashina ya migomba bila kungoja vioze, na mkojo wake, ukizimuliwa kwa maji, wakulima wengi wa Kenya hivi leo huutumia kuwa mbolea.