Safari Nzima na Hakuniambia

Ijumaa moja ya katikati ya mwezi, zile tarehe ambazo pochi inalia, mimi na baba watoto tuliamua hatutoki. Tukanunua chipsi kuku, tukalaza watoto mapema, nikachomoa kabatini DVD ya zamani niliyopewa na rafiki yangu wa chuo: Transamerica, filamu ya mwaka 2005. Mwenzangu alitaka ngumi. Nikamwambia hii ni ya safari, ina magari. Sikumdanganya sana.

Hadithi yenyewe ni hivi. Bree anaishi Los Angeles. Alizaliwa mwanaume, wazazi wakamwita Stanley, lakini yeye anajijua ni mwanamke na anaishi hivyo. Anafanya kazi kwenye mgahawa wa Kimeksiko, anauza vitu kwa simu, anadunduliza hela za upasuaji. Imebaki wiki moja. Ndipo simu inapolia kutoka New York: kuna kijana wa miaka 17, anaitwa Toby, yuko mahabusu na anamtafuta baba yake, Stanley. Kumbe uhusiano wa enzi za chuo ulizaa mtoto, na Bree hakuwa na habari. Mama wa kijana ameshafariki.

Bree angependa yapite hivi hivi, ila mshauri wake wa saikolojia anagoma kusaini karatasi za upasuaji mpaka akamalizane na jambo hilo. Basi anakwenda New York, anamtoa kijana. Toby, kwa jinsi mama huyu alivyojifunika na kuongea kwa adabu, anadhani ni mmisionari wa kanisa anayeokoa vijana wa mitaani. Bree anaitikia. Kosa lote la filamu liko hapo, kwenye kuitikia. Wananunua gari kuukuu na kuanza kuikata Marekani kutoka pwani hadi pwani, zaidi ya kilometa 4,000, mtoto akimweleza mzazi wake habari za baba anayekwenda kumtafuta.

Najua wapo watakaofunga ukurasa hapa. Baba watoto naye dakika za mwanzo alikuwa anachekacheka, ananiuliza eti huyu ni mwanaume au mwanamke. Anayemuigiza Bree ni Felicity Huffman, yule wa Desperate Housewives, na kazi hiyo ilimpa tuzo ya Golden Globe mwaka 2006. Oscar aliikosa, ikaenda kwa Reese Witherspoon. Leo wengi wanasema nafasi kama ile angepewa mwigizaji aliyepitia maisha hayo mwenyewe, kama alivyofanya Daniela Vega wa Chile kwenye A Fantastic Woman mwaka 2017, nami nakubaliana nao. (Huffman huyo huyo mwaka 2019 alikiri mahakamani kuwa alilipa dola 15,000 majibu ya mtihani wa binti yake yakarekebishwe, akahukumiwa siku 14 jela. Mzazi na siri zake!)

Kitu kimoja kilinichekesha. Kwenye Kiingereza, watu wa filamu hii wanaumizana kwa kuchagua tu kama Bree aitwe kwa neno la kike au la kiume. Sasa mpe filamu hii mmoja wa wale watafsiri wetu wa kwenye vibanda vya video. Ugomvi wote utamponyoka, maana kwetu "yeye" ni yeye tu, na "mzazi" ni mzazi. Atakapokwama ni kwenye neno moja, "baba", na ndilo hilo hilo Bree mwenyewe linamkwama kooni.

Mwanzo ananyamaza kwa sababu anafikiria upasuaji wake. Hilo ni ubinafsi, nalo lina dawa. Ila njiani anaanza kumpenda kijana, anamkemea mdomo mchafu, anamhurumia anapojua baba wa kambo alimfanyia nini. Hapo ndipo kusema kunapokuwa kugumu zaidi, maana sasa kuna cha kupoteza. Ni kama mkopo wa riba. Kila kilometa deni linapanda. Toby anapogundua kwa bahati mbaya siri ya mwili wa Bree, anakasirika kwa kudanganywa kuliko kwa kile alichokiona. Na bado siri kubwa hajaijua. Matokeo yake anafika mahali anamtamkia Bree mapenzi, anataka wafunge ndoa! Hapo ndipo ukweli unatoka, kwa kulazimishwa, na kijana anampiga na kuondoka.

Baba watoto alishaacha kucheka. Mimi nilikuwa Morogoro.

Nililelewa na mama na bibi. Kila baada ya miezi miwili mitatu alikuwa anakuja mwanaume mrefu na begi la zawadi, nikafundishwa kumwita Anko. Ada yangu ya sekondari alilipa yeye. Nikiwa darasa la sita alinichukua likizo kwenda Dar. Tulikaa kiti kimoja kwenye basi, mimi dirishani, saa nne nzima. Chalinze akaninunulia mahindi ya kuchoma, akayapuliza yapoe. Nilikuja kumjua kidato cha tatu, nilipotakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa shuleni nikalikuta jina lake pale panapoandikwa baba. Alikuwa na familia nyingine, sababu ni za kawaida. Lakini saa nne, jamani. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anawaza nini kati ya Mikese na Chalinze. Baada ya kumwona Bree na mikono yake kwenye usukani, nadhani najua.

Kipande bora kwangu ni kule Phoenix, nyumbani kwa wazazi wa Bree. Mama yake, Elizabeth, anamkataa mtoto wake mlangoni kabisa. Akisikia yule kijana ni mjukuu, anageuka: kaa hapa, tutakusomesha, utakuwa na chumba chako. Mume wangu akasema, "Huyu mama namjua." Sote tunamjua. Bibi yangu naye hakumpokea Anko salamu mpaka anakufa, na mimi nililala kitandani kwake.

Bree anafanyiwa upasuaji, na anayemlilia hospitalini ni mwanawe. Muda unapita, siku moja Toby anagonga mlango. Hakuna kukumbatiana kwa kilio. Kijana anakaa, anapandisha miguu juu ya meza, na Bree anamwambia aiteremshe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona mzee wangu. Siku hizi haoni vizuri na anaongea kidogo. Tulipoanza kula nikaweka simu pembeni ya sahani.

"Toa hiyo simu mezani, mama."

Nikaitoa. Jina lake humo bado limeandikwa Anko.