Je, Wajua? Shaba Chini ya Kromu

Shaba, madini yaliyojenga mji wa Lubumbashi tangu tanuri la kampuni ya Union Minière lianze kuyayeyusha mwaka 1911, ina kazi kubwa katika kufufua magari ya kale ya Kijerumani. Bampa ya Mercedes-Benz au Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 haing'ai kwa kromu peke yake. Fundi huondoa kwanza kromu kuukuu, hunyoosha palipobonyea na kusugua kutu mpaka chuma kibaki kitupu. Kisha huizamisha bampa katika maji ya kemikali yanayopitishiwa umeme, na shaba hujishika juu yake. Shaba ni laini, hivyo huziba vishimo vilivyoachwa na kutu na husuguliwa hadi uso uwe sawa kabisa. Hapa ndipo ustadi hupimwa: akizidisha kusugua, kingo kali zilizotoka kiwandani hupotea, na bampa haiwi tena ya asili hata ing'ae vipi. Hufuata nikeli, inayozuia kutu na kuleta sehemu kubwa ya mng'ao. Kromu huja mwisho, tabaka jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita.