Supu ya Matunda Makavu, Kuanzia Wavu Hadi Bakuli

Msimu wa maembe, bei hushuka na mengi huoza sokoni Thika na Ruiru. Njia moja ya kuyaokoa ni kuyakausha na kuyapika baadaye. Wakristo Wamenoniti, ambao asili yao ni Ulaya, hupika supu tamu ya plamu, zabibu na matofaa makavu. Hapa kwetu embe na nanasi zinatosha.

Kazi kubwa ni kukausha. Osha mikono, kisu na matunda. Kata vipande vya unene wa milimita 5 hivi, uvitandaze juani kwenye wavu safi ulioinuliwa kutoka chini na kufunikwa kwa chandarua. Jioni viingize ndani. Kipande kilichokauka hujikunja kama ngozi wala hakitoi maji ukikiminya. Ukifunga mkebe kabla ya hapo, ukungu utaingia. Ukiuona, tupa vyote, kukwangua hakusaidii. Na Julai, kwa mawingu na manyunyu yetu haya, usijaribu.

Kupika ni rahisi. Loweka vikombe 2 vya matunda kwenye lita 1 ya maji kwa saa 2. Chemsha polepole dakika 20 pamoja na kijiti cha mdalasini. Koroga vijiko 2 vya unga wa ngano kwa maji baridi, mimina, endelea kukoroga dakika 5. Onja kabla ya kuongeza sukari. Mara nyingi haihitajiki. Wengine hutia maziwa mwishoni, lakini kukiwa na nanasi yatakatika. Inaliwa moto au baridi.